Fuwele zinapokataa kuufuata utando: kulitafuta kosa kwenye joto la Dar es Salaam

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliingia maabara mchana wa Februari amebeba sahani mbili za Petri kwenye trei, amezifunika kwa karatasi ya alumini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vipi?"

"Nimerudia mara sita. Fuwele zinatoka, ila zinaota kila mahali isipokuwa pale zinapotakiwa."

Nilifunua. Chini ya sahani kulikuwa kweupe kama ukuta uliopigwa chokaa jana. Juu, kwenye uso wa maji alikotandaza asidi ya steariki kwa uangalifu wake wote, hapakuwa na kitu. Alikwisha amua kwamba asidi yake ni mbovu na alikuja kuomba tuagize nyingine. Nikamwambia kwanza atumbukize kipimajoto ndani ya maji. Kilisoma 31.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote anayejaribu kazi hii hapa pwani akiwa na vifaa vya kawaida. Kazi yenyewe ni hii: kuna molekuli za kikaboni ambazo ukizipa nafasi hujipanga zenyewe, kama asidi ya steariki juu ya maji au thioli (molekuli zenye salfa inayoshika metali) juu ya dhahabu. Tunazitumia kama kitalu. Kichwa cha kila molekuli kinavuta kalsiamu, na fuwele ya kalsiamu kaboneti inaanza kuota hapo ikiwa na aina na mwelekeo unaotokana na mpangilio wa vichwa vile. Chaza wanafanya kazi ya jinsi hiyo siku zote. Lulumizi inayong'aa ndani ya kombe ni vibapa vya aragonaiti (moja ya aina tatu za fuwele ya kalsiamu kaboneti, pamoja na kalsaiti na vateraiti), takriban asilimia 95 ya uzito wake, vilivyopangwa kwa msaada wa tabaka jembamba la protini na kitini.

Maabarani jambo hili lilipata nguvu mwaka 1988, Stephen Mann na wenzake nchini Uingereza walipoonyesha kwamba chini ya utando wa asidi ya steariki huota vateraiti iliyoelekea upande mmoja. Mwaka 1999 Joanna Aizenberg, Andrew Black na George Whitesides, Marekani, wakaotesha kalsaiti kwenye madoa waliyoyachora kwa thioli juu ya metali, doa kwa doa, mahali walipopataka.

Ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba utando haulazimishi fuwele kuota. Unairahisishia tu kuanza. Myeyusho ulioshiba kupita kiasi kidogo tu, yaani wenye kalsiamu kaboneti zaidi kidogo ya ile maji yanayoweza kubeba, hauwezi kuanzisha fuwele peke yake, ndipo utando unapopata kazi. Myeyusho ulioshiba kupita kiasi mno hauhitaji msaada wa mtu: fuwele zinaanza kwenye vumbi, kwenye mkwaruzo wa kioo, hata katikati ya maji. Nafasi iliyopo kati ya hali hizo mbili ni nyembamba, na joto letu hukuvusha nafasi hiyo kabla hujamaliza kunawa mikono. Kwa hiyo mtu akiniambia molekuli zake hazifanyi kazi, naanza kutilia shaka kasi, kisha maji, kisha usafi. Molekuli nazitilia shaka mwishoni.

Kabla ya yote, sahani ya kulinganishia

Tayarisha sahani mbili za kioo zinazofanana, kwa myeyusho mmoja, siku moja, juu ya rafu moja. Ya kwanza ipate utando. Ya pili dondoshea klorofomu tupu, kiasi kile kile ulichotumia kutandazia utando, kwa sababu klorofomu chafu huacha mafuta yake juu ya maji na mafuta hayo nayo yana ushawishi wake kwa fuwele. Sahani zikitoka sawa, utando haujafanya lolote, haijalishi fuwele zako zinapendeza kiasi gani. Zikitofautiana, umeshapata pa kuanzia. Bila sahani ya pili unabahatisha, na nimeona wiki nzima za watu wenye bidii zikipotea hivyo.

Dalili: unga mweupe chini, juu hakuna kitu

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote hapa kwetu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na joto. Wengi wetu tunatumia njia ya Kitano: unapitisha kaboni dayoksaidi kwenye maji yenye unga wa kalsiamu kaboneti kwa saa kama mbili, unachuja, kisha unapitisha gesi tena kwa nusu saa. Kinachoishikilia kalsiamu ndani ya maji ni gesi ile. Ikianza kutoka polepole kupitia uso wa maji, kaboneti inazidi na fuwele zinaanza. Sasa, maji ya nyuzi 30 hubeba kaboni dayoksaidi pungufu kwa karibu robo kuliko maji ya nyuzi 20, na huiachia haraka zaidi. Juu ya hapo, kalsiamu kaboneti haifanani na sukari: maji yakipata joto, yenyewe hupungua kuyeyuka. Aliyewahi kuchemshia maji ya kisima kwenye birika la umeme ameshauona ukoko mweupe unaobaki ndani. Ni jambo lile lile. Mwanafunzi wangu alikuwa anatengeneza ukoko wa birika, taratibu kidogo.

Dawa yake ni kukaa kati ya nyuzi 20 na 24, mchana na usiku, tangu unapopitisha gesi hadi unapovuna. Kiyoyozi peke yake hakitoshi, maana umeme ukikatika saa nane usiku chumba kinapanda joto na wewe umelala, asubuhi unalaumu asidi. Tunachofanya sisi ni kuweka sahani ndani ya sanduku la kuhifadhia barafu, kama lile wanalotumia wauza samaki wa Feri, pamoja na chupa nne au tano za maji yaliyokaa usiku kucha kwenye chumba chenye kiyoyozi. Usitie barafu. Barafu inashusha joto mno, halafu ikiyeyuka joto linapanda tena, na unachotafuta ni joto lisiloyumba. Sanduku lenye chupa zile hubadilika polepole sana hata umeme ukikosekana kwa saa kadhaa. Weka kipimajoto ndani na uandike usomaji jioni na asubuhi.

Kama joto liko sawa na unga bado unatua chini, angalia ule upitishaji wa pili wa gesi. Watu huuruka kwa sababu myeyusho unaonekana angavu. Angavu kwa macho bado unaweza kuwa na chembe ndogo zilizopenya chujio, na kila chembe ni mbegu tayari. Nusu saa ya pili ya gesi ndiyo inayoziyeyusha. Ukiwa na chujio la mikromita 0.2, litumie, lakini upitishaji wa pili usiuache.

Halafu tazama sahani yenyewe. Kioo chenye mikwaruzo ya kusuguliwa kwa steelwool kina maelfu ya mahali pa kuanzia fuwele. Zitenge sahani za kazi hii, zisioshwe pamoja na vyombo vingine.

Mwisho wa dalili hii ni mfuniko. Sahani iliyo wazi mbele ya feni au kiyoyozi hupoteza gesi kwa kasi. Ifunike kwa kitu kisichogusa maji na kisichobana kabisa. Karatasi ya alumini yenye matundu matano sita ya sindano inatosha, na inazuia vumbi pia. Upepo wa kusi au kaskazi ukiingia dirishani unabeba vumbi na chumvi ya bahari hadi mezani kwako, hasa maabara ikiwa upande wa pwani.

Sahani ya saba ya mwanafunzi wangu ilikuwa na asidi ile ile aliyotaka kuitupa. Kilichobadilika ni sanduku, mfuniko na nusu saa ya gesi. Tulipoinyanyua kesho yake mchana kwa kipande cha kioo na kuiweka chini ya hadubini, uso mzima ulikuwa na fuwele ndogo zinazokaribiana ukubwa, na chini ya sahani kulikuwa na vichache vya kuhesabika.

Dalili: hakuna fuwele kabisa, juu wala chini

Kama unatumia njia ya gesi ya amonia, yaani kikombe cha kalsiamu kloridi ndani ya desiketa (chombo cha kioo kinachofungwa) pamoja na kichupa cha amoniamu kaboneti, mtuhumiwa wa kwanza ni chupa ya kalsiamu kloridi. Chumvi hii inanyonya unyevu wa hewa hadi inajiyeyusha yenyewe. Msimu wa masika fungua chupa mara tatu tu, na tayari unachopima kwenye mizani ni chumvi pamoja na maji ya bure. Unadhani umepima gramu 0.147 za aina yenye molekuli mbili za maji, ambazo kwenye mililita 100 zingekupa milimola 10 kwa lita, kumbe una nusu yake. Ukiona vipande vimeshikana au vinang'aa kwa majimaji, acha kuvipima. Yeyusha chupa yote iwe myeyusho mkuu, kisha fanya taitresheni kwa EDTA (kemikali inayoshika kalsiamu) ujue una kalsiamu kiasi gani hasa. Ni kazi ya asubuhi moja na inakupa amani ya miezi.

Mtuhumiwa wa pili ni amoniamu kaboneti iliyochoka. Unga mpya unakuchoma pua. Ukifungua chupa na harufu ni hafifu, sehemu kubwa ya nguvu yake imeshatoroka. Kinyume chake pia kinatokea: unga mpya, chumba cha nyuzi 31, kichupa kiko wazi, na ndani ya saa moja kikombe kizima kimekuwa kama maziwa. Ziba mdomo wa kichupa kwa utando wa plastiki wa maabara na utoboe matundu matatu ya sindano. Idadi ya matundu ndiyo mkono wako wa kuongezea au kupunguzia kasi.

Mtuhumiwa wa tatu hujificha kwenye sabuni. Fosfati kidogo mno, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukionja, hukaa juu ya uso wa fuwele changa na kuizuia isikue. Sabuni za unga nyingi zimekuwa na fosfati, na baadhi ya watu huosha sahani kwa myeyusho wa bafa ya fosfati uliobaki kutoka kwa wenzao wa baiolojia. Suuza kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha maji safi mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha.

Kuhusu maji

Maji ya bomba hayafai, na ya kisima ndiyo kabisa. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvichumvi, na pamoja na chumvi hiyo huja magnesiamu. Magnesiamu inaizuia kalsaiti na kuipa aragonaiti nafasi; maji ya bahari yana magnesiamu mara tano hivi ya kalsiamu kwa hesabu ya ioni, na ndiyo sababu moja matumbawe yetu ni ya aragonaiti. Kwa hiyo ukiona sindano ndefu zilizofungana kama mafagio, au kalsaiti ambayo kona zake zimelainika na kuvimba, shuku maji kabla ya utando.

Watu huniuliza kuhusu maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Nimeyatumia kwa mazoezi ya awali na yanasaidia, lakini chupa hutofautiana, kwa hiyo pima upitishaji wake wa umeme kila unapofungua mpya. Kwa matokeo utakayoyaandika, tumia maji yaliyokenekwa kwenye chombo cha kioo.

Dalili: fuwele zimeota juu, lakini zimekaa ovyo

Sasa ndipo utando wenyewe unapohojiwa. Fuwele zimekubali kuanzia juu, ila kila moja imeelekea kwake. Maana yake vichwa vya molekuli havijapangika.

Piga hesabu kwanza. Molekuli moja ya asidi ya steariki ikisimama wima na kubanana na wenzake huchukua nafasi ya nanomita za mraba 0.20 hivi. Sahani yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 9 ina uso wa sentimita za mraba 64. Ukigawanya, unahitaji mikrogramu 15 tu za asidi kuufunika uso wote. Kwa myeyusho wa klorofomu wenye miligramu 0.1 kwa mililita, hiyo ni mikrolita 150. Ukitia nusu yake, molekuli zinalala au zinakaa visiwa visiwa na maji matupu katikati. Ukitia mara tatu, utando unakunjamana na kujilundika, na uvimbe ule nao unaotesha fuwele kwa namna yake. Wengi wanaokuja kwangu wana kosa la pili: wanaona tone ni dogo, wanaongeza kwa huruma.

Usitumie sindano ya hospitali ya plastiki. Ndani yake imepakwa mafuta ya silikoni ili mpira uteleze, na klorofomu inayasomba yote hadi kwenye maji yako. Vivyo hivyo sahani za Petri za plastiki ni za polistairini, na klorofomu inaiyeyusha: tone likigusa ukingo, utaona ukungu palipoguswa, na kuanzia hapo una utando wa plastiki juu ya maji. Kioo kwa kioo, sindano na sahani. Dondosha tone moja moja karibu kabisa na uso, subiri litoweke, ndipo ufuate jingine. Fanya hivyo chini ya kabati la kufyonza mvuke. Klorofomu inadhuru ini, na dirisha lililo wazi si kinga ya kutosha.

Je, utajuaje kama utando umetanda bila kuwa na kifaa maalumu cha kuubana? Hapa namkumbuka Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakuwa na chuo wala maabara. Alipima nguvu za uso wa maji jikoni kwake, kwa karai la bati na kitufe alichokining'iniza kwenye mizani, na barua yake kuhusu kazi hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1891. Anayelalamika kwamba hatuna vifaa nampa habari zake kwanza. Kwenye sahani ya majaribio, nyunyiza unga kidogo wa talki juu ya maji safi na upulize taratibu. Unga ukiteleza kwa uhuru, uso ni safi. Ukisogea kwa pamoja kama ngozi ya maziwa, tayari kuna mafuta juu, na utando wako ungechanganyika nayo. Kisha dondosha asidi katikati: unga unakimbilia kingoni na kuacha duara safi. Ongeza hadi duara likaribie ukingo, hesabu matone, linganisha na hesabu ya karatasi. Sahani hiyo itupe, talki ni mbegu ya fuwele kama vumbi lolote.

Angalia pia pH, yaani kipimo cha uasidi. Maji yakiwa na uasidi mwingi, vichwa vya steariki vinabaki na hidrojeni yao, havina chaji, na kalsiamu haina cha kushika. Myeyusho wa Kitano ulioshiba gesi una uasidi kidogo mwanzoni na hujirekebisha gesi ikitoka, kwa hiyo usiwe na pupa ya kuongeza alkali. Ukiiongeza unaharakisha fuwele na kurudi kwenye unga wa chini.

Kuna jambo ambalo vitabu vya utangulizi hulipita haraka, nami nalipenda. Nafasi kati ya vichwa vya steariki vilivyobanana ni karibu nusu nanomita, na hiyo ndiyo nafasi kati ya kalsiamu na kalsiamu kwenye bapa moja la kalsaiti. Ungetarajia basi kalsaiti. Lakini Mann na wenzake walipata vateraiti. Maelezo yao ni kwamba umbali peke yake hautoshi, mkao nao una neno. Kwenye bapa lile la kalsaiti kaboneti zimelala chali, sambamba na bapa. Kwenye bapa linalohusika la vateraiti zimesimama wima, na vichwa vya steariki navyo vimesimama wima. Fuwele inasikiliza mkao pamoja na umbali. Kwa hiyo utando uliolegea haukupotezei umbali tu, unakupotezea mkao pia, na hilo ndilo unaloliona kwenye hadubini ukikuta fuwele zimeelekea ovyo.

Dalili: jana ilikuwa vateraiti, leo ni kalsaiti

Hakuna aliyekuchezea sampuli. Vateraiti ndiyo dhaifu kati ya aina tatu, na ikiachwa ndani ya maji huyeyuka taratibu na kujijenga upya kama kalsaiti, kwa saa kadhaa hadi siku moja hivi, na joto likiwa juu huenda mbio zaidi. Vuna kwa saa ulizojipangia, suuza kwa ethanoli, kausha. Aliyeacha sahani Ijumaa na kurudi Jumatatu hawezi kusema chochote kuhusu kilichoota Ijumaa.

Kutambua aina kwa macho kunadanganya. Siki haikusaidii pia, maana zote tatu zinatoa povu. Ukipata nafasi kwenye kipimo cha miale ya infraredi, kalsaiti inaonyesha alama kwenye 712, vateraiti kwenye 745, na aragonaiti ina alama pacha kwenye 700 na 712. Kwa miale ya eksi ya shaba, kilele kikubwa cha kalsaiti kiko kwenye pembe ya nyuzi 29.4.

Dalili za upande wa dhahabu

Nitakuwa mfupi, kwa sababu ushauri wangu kwa anayeanza ni asikimbilie dhahabu. Steariki ni rahisi, inatumika hata kwenye mishumaa na sabuni, na inakufundisha makosa yote muhimu kwa gharama ndogo.

Tunatoka nchi ya Geita, kwa hiyo swali huja kila mwaka: je, kipande cha sonara kinafaa? Hakifai. Dhahabu ya karati 22 ina fedha au shaba ndani yake, na thioli hushika metali hizo pia, ila kwa mkao tofauti. Juu ya dhahabu mkia wa thioli unainama nyuzi 30 hivi, juu ya fedha unasimama karibu wima. Aizenberg na wenzake walionyesha kwamba tofauti hiyo tu, kwa kichwa kile kile, inabadilisha sura ya kalsaiti inayokaa juu ya utando. Kipande cha mchanganyiko kitakupa majibu ya mchanganyiko. Unahitaji dhahabu safi iliyopakwa kwenye kioo kwa mvuke.

Fuwele zikiota sawasawa kwenye maeneo yenye vichwa vya asidi na yale yenye mikia mitupu (thioli zisizo na kichwa cha asidi), tazama kwanza ulivyokilaza kioo. Uso wa dhahabu uangalie chini. Ukiangalia juu, fuwele zilizozaliwa majini zinautulia kama mvua, nawe unazihesabu kama mazao ya utando. Kama ulikigeuza na bado, weka tone la maji kwenye eneo la mikia mitupu: linapaswa kusimama kama umande juu ya jani la gimbi, pembe ya nyuzi 110 hivi. Likitandaa, utando haukujaa au umeharibika. Loweka dhahabu kwenye thioli ya milimola 1 kwa lita ndani ya ethanoli halisi kwa saa 18 hadi 24, gizani. Spiriti ya dukani ina viambato vingine, usiitumie. Na utando ukikaa siku kadhaa hewani na kwenye mwanga, salfa yake huungana na oksijeni na kuachia dhahabu, kwa hiyo utumie siku ile ile ulipoutoa.

Dalili: vimraba vizuri sana

Mara mbili sasa nimeletewa picha ya vimraba vilivyonyooka, mwenye nazo akiwa na furaha usoni, na mara zote mbili ilikuwa chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka juu ya kioo. Kalsaiti ina sura ya mche ulioegemea upande, kona zake hazina pembe mraba. Kabla ya kumwita mtu, weka tone la maji safi pembeni mwa fuwele ukiwa unatazama kwenye hadubini. Chumvi inatoweka machoni pako. Kalsiamu kaboneti inabaki palepale, na ukiongeza tone la siki ndipo viputo vinaanza. Kuepuka kabisa tatizo hili, ukivuna usiache kioo kikauke na maji yake: suuza mara moja, nyonya maji pembeni kwa karatasi ya chujio, kisha ethanoli. Halafu weka sampuli kwenye kichupa chenye silika ya kukausha, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Kichupa kilichofungwa vibaya wakati wa masika kinapata umande ndani, na umande huo unatosha kuanza kuigeuza vateraiti uliyoihangaikia.